Mwizi Asiyechoka Kurudi

Saa tano kamili Sindano, fundi wa nguo, alitakiwa ashone kola ya shati mbele ya kamera, mwanzo hadi mwisho, msimamizi wa karakana akimtazama kutoka huko aliko. Sharti lilikuwa moja: picha ikikatika mara mbili, kazi anapewa mwingine. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na kwenye majaribio peke yake ilikuwa imeshakatika mara nne.

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Akaipangusa kamera ya simu, simu ya mtumba aliyoinunua wiki iliyopita kwa sababu ilionyesha hadi uzi.

"Shemeji, imekata tena!"

Mdogo wa mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjuaji, alikuwa juu ya stuli ameikumbatia ruta kama mtoto mwenye homa.

"Iambie simu iusahau mtandao, halafu ingiza nenosiri upya. Ikikataa, ni hewa."

"Hewa gani? Jana ulisema ni ukuta."

"Ukuta nao una hewa yake."

Sindano akaingiza nenosiri. Mtandao ukashika. Akapiga mshono wa kwanza, wa pili, mtandao ukakata. Hapo hapo akasikia kutoka sebuleni, "Toka! Shika njia!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake. Tangu asubuhi alikuwa akiisikia, akadhani ni paka wa jirani anafukuzwa. Lakini paka yule alikuwa amelala dirishani hapa hapa, mbele ya macho yake.

Safari hii hakumwita shemeji. Aliingiza nenosiri, akaenda kusimama kimya kwenye mlango wa sebule, simu mkononi.

Mama alikuwa kitini, miwani imemshukia puani, simu yake ameiinamia.

"He! Mwizi huyu hachoki? Nimemtoa kwa jina lile, karudi kwa jina jingine. Herufi na tarakimu tupu, kama namba ya gari! Toka!"

Akabonyeza. Mkononi mwa Sindano, alama ya mtandao ikazimika.

Mwaka mzima Mama alikuwa mlinzi wa ruta. Majirani walipozidi kujichotea bure, Mjuaji alimfundisha kufungua orodha ya waliomo na kumzuia asiyemjua, na kazi hiyo aliipenda kuliko redio. Kumwambia amekosea kulitaka siku nzima na maneno ya kuchagua. Sindano alikuwa na dakika kumi.

"Mama, shikamoo."

"Si umeniamkia asubuhi? Marahaba. Mbona unahema?"

"Huyo mwizi umemtoa mara ngapi?"

"Sita! Leo wamepatikana."

"Mama, wote sita ni mimi."

Mama akavua miwani. "Wewe? Kwako mwenyewe unaingia kwa kunyatia?"

Mjuaji akaja, akatazama simu hii, akatazama ile, akajikuna kisogo.

"Simu hii ikisahau mtandao inarudi na utambulisho mpya. Kumbe mimi namvalisha nguo nyingine, Mama anamkamata upya."

"Kwa hiyo hewa yenyewe ndiyo wewe," Mama akasema.

Mjuaji akaingia kwenye mipangilio ya simu, akazima huko kujibadilisha. Jina likatokea kwenye orodha ya Mama.

"Nikuandike nani?"

"Yeyote, Mama! Haraka!"

Kidole kimoja cha Mama kikatafuta herufi, moja, ya pili, kikafuta, kikaanza upya. Sindano hakungoja. Alikimbilia cherehani, na simu ikaita papo hapo.

Alikuwa katikati ya kola pale msimamizi alipoganda, mdomo wazi. Sindano akageuka. Mlangoni, Mama alikuwa ameinua mikono yote miwili, mitupu.

"Si mimi," akanong'ona. "Haki ya Mungu, si mimi!"

Picha ikatikisika, ikarudi.

"Hiyo ni moja," msimamizi akasema.

Sindano akarudi kwenye cherehani. Alizichokonoa ncha za kola zikatoka kali, akapiga mshono wa juu, akakata uzi.

"Sogeza. Geuza, nione ndani."

Akageuza. Kimya. Hakujua ni kimya cha mtu anayekagua au picha imeganda tena, na hakuthubutu kupepesa macho.

"Jumatatu, saa mbili. Uje na mkasi wako."

Akashukuru, simu ikakatwa. Kola bado alikuwa ameishika juu mbele ya kioo cheusi cha simu.