Barabara ya Nyuma ya Kilima

Nathanaeli alikuwa mtu wa wizarani, mwenye shati lililonyooka na maneno yaliyonyooka, lakini siku ile alimdanganya mkewe kabla hata hawajafika Haneti.

"Tukate hapa," alisema, akiwasha indiketa. "Kuna njia ya vumbi inazunguka kilima. Mandhari yake utaipenda, halafu tunatokea mbele kwenye lami."

Anitha akamtazama. Walikuwa wametoka Nzuguni alfajiri kwenda Babati kwa wazazi wake, na katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kumsikia mume huyu akisifia mandhari.

"Na kwa mama mkubwa je? Si tulisema tutapita kumpa pole?"

"Tukirudi."

Tukirudi. Krismasi alisema hivyohivyo, tena kwa sauti hiyohiyo.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinamkimbiza. Nyumba ya mama mkubwa Ruthu, ile yenye bati la buluu, iko pembeni kabisa mwa lami, na mwenyewe hushinda barazani. Hupiti bila kuonekana. Ruthu na mumewe Bartolomayo ndio waliomlea Nathanaeli tangu alipofiwa na mama yake akiwa darasa la pili. Mzee alikuwa akimpakia kwenye baiskeli kila asubuhi, kilomita tisa mpaka shuleni, na mvua ikinyesha anamvika koti lake yeye mwenyewe analowa.

Julai iliyopita mzee akafariki. Simu iliingia Ijumaa, mazishi Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na sendofu ya binti wa mkurugenzi wake, na mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Nathanaeli. Basi akamwambia mama mkubwa kwamba yuko Arusha kikazi, hawezi kuwahi. Kwa mkewe akasema mzee amezikwa siku ileile ya Ijumaa, wasijisumbue, pole zake atazifikisha yeye. Wenzake wakitupia udongo kaburini, yeye alikuwa ukumbini na shati la sare, anacheza mbele ya keki. Tangu hapo hakukanyaga kwa Ruthu, maana aibu ilikuwa inamla, na kila mwezi uliopita ulimwongezea nyingine.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nathanaeli aliona atairefusha kwa kilomita kumi na tano.

Na njia ilikuwa nzuri kweli, tusimnyime haki yake. Ilikuwa Machi, alizeti zimechanua huku na huku, uwele umesimama, na juu ya kilima mawe makubwa yamepandana kama mizigo ya mtu anayehama. Anitha alishusha kioo akawa anapiga picha. Bati la buluu lilipobaki upande wa pili wa kilima, bwana mkubwa akaanza hata kupiga mluzi.

Wakafika kwenye korongo, akapunguza mwendo. Shambani, hatua ishirini tu kutoka njiani, bibi mmoja alikuwa ameinama anapalilia kuzunguka msalaba wa mbao. Akasikia gari, akanyanyua kichwa.

"Simama," Anitha akasema. "Si mama mkubwa yule?"

Alikuwa yeye. Na kaburi lile lilikuwa la Bartolomayo. Kila aliyezika alijua kwamba mzee amelazwa shambani kwake, nyuma ya kilima. Katika ukoo mzima, ni mtu mmoja tu aliyeweza kuchagua barabara hii akidhani anamkwepa Ruthu.

"Mbukwenyi," Ruthu aliwaamkia kwa Kigogo, akijifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekuelekeza? Wenzako wakija hukimbilia nyumbani kwanza, wanywe chai. Wewe umeanza na baba yako." Akamshika mkono, hakuuachia. Nathanaeli alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya," Ruthu akaendelea. "Wewe hukuzika. Chukua udongo, mwekee, umwambie mwenyewe ulikuwa wapi. Kila aliyechelewa amefanya hivyo. Joshua alifika siku ya tatu kutoka Mtwara, akasimama hapohapo akamwambia baba yako kwamba basi liliharibika."

Nathanaeli akainama, akachota. Neno Arusha lilikuwa tayari mdomoni, lilishatumika, halihitaji hata kufikiriwa. Akafungua kinywa. Akaona jina la mzee pale msalabani, limeandikwa kwa mkono, rangi imeanza kubanduka, akakumbuka lile koti lililonuka jasho na mvua. Neno likagoma kutoka.

"Baba," alisema. "Siku unazikwa nilikuwa Nzuguni. Kwenye sendofu. Nilikuwa nacheza." Udongo ulikuwa unamponyoka vidoleni. "Na leo sikuja kwako. Nimepita huku ili mama asinione."

"Jumamosi ile?" Anitha akauliza taratibu. Akaizima simu, akaitia mkobani.

Ruthu aliokota jembe. Akapiga mara mbili, akang'oa gugu lililokuwa limebaki pembeni mwa msalaba, akalitupa.

"Nilijua tangu Jumatatu yake," alisema. "Picha zenu zilifika mpaka huku, binti wa jirani akanionyesha. Lakini siku ya kuzika sikujua. Mchungaji aliuliza, yule mtoto aliyelelewa na marehemu yuko wapi, mbona hatumwoni? Nikasimama mbele ya watu wote nikasema yuko Arusha, kazini. Sasa ningewaambia nini tena? Kila anayeuliza namwambia Arusha. Miezi minane, Nathanaeli. Mimi, mzee wa kanisa, nasema uongo ambao hata si wangu."

Nathanaeli alisimama, mkono bado umefumba udongo uliobaki, macho chini.

"Weka huo udongo, twende nyumbani," Ruthu akasema, akitangulia kwenda garini. Anitha alishamfungulia mlango wa mbele, yeye mwenyewe akakaa nyuma. "Majirani wakiona gari watakuja kukusalimia. Watakuuliza habari za Arusha. Mimi nitakuwa jikoni, nasonga ugali."