Joto la Kapu la Matambara

...au kuku alilalia humu, maana kitu gani kingine kinaweza kulitia joto kapu lililokaa kivulini tangu asubuhi, kuku ametaga akaenda zake, lakini napapasa sipati yai, sipati hata unyoya, ni matambara tu, shati kuukuu la mume wangu Sylvesta na vipande vya kanga yangu, vyote vimelowa mafuta ya kitani niliyopakia kabati leo, na huko nje Sylvesta anamkaribisha balozi wa nyumba kumi kwa salamu ya kwetu, "Mwidiwe, Balozi Dadi, kaa hapa, mama Epifania anakuletea maji," na mama Epifania ndiye mimi, niliingia stoo kuchukua tambara nifute kiti cha mgeni, sasa mkono hautaki kutoka, nausukuma ndani zaidi, juu ni vuguvugu, katikati ni kama tumbo la mtoto mwenye homa... jua halifiki huku, jiko liko nyumba ya pili, na nta ya kuchanganya na mafuta hayo niliiyeyushia kule, kikopo ndani ya sufuria ya maji ili moto usiiguse, nikaepua, nikatia mafuta, nikakoroga mpaka ikawa kama uji mzito, ikapoa kabisa ndipo nikaipaka, vidole vyangu vinakumbuka ubaridi wake kwenye mbao za mninga, basi joto hili halikutoka jikoni, limetoka wapi, nanusa, harufu inakwaruza koo... "Yeye ndiye aliyefunga mlango," anasema Sylvesta, "sisi wote tulikuwa kanisani," anamsema Niyonsaba, fundi mwenzake, kwa sababu karakana yao iliteketea Jumapili, mchana kweupe, paa la nyasi likaisha kabla watu hawajafika na ndoo, na Niyonsaba ni mkimbizi, alivuka kutoka Burundi mwaka ule wa mauaji akiwa na randa ya baba yake ndani ya blanketi, hakubeba kitu kingine, na randa hiyo nayo iliungua, nilimwona akiokota chuma chake kwenye majivu, bado kina moto, akakihamisha mkono huu, mkono huu, hakukitupa, sasa mtu gani anachoma kitu kama hicho kwa makusudi... Balozi anauliza jambo, nasikia nusu, "...polisi Kasulu?" na mume wangu, "Sitaki polisi, aondoke tu kijijini, yeye na mkewe," na sauti yake haina hasira, ni ya mtu aliyepotelewa na hajui amuulize nani... lakini nyasi mbichi, zile tulizolundika nyuma ya migomba zioze ziwe mbolea, ukitia mkono katikati unautoa mbio, asubuhi zinafuka mvuke na hakuna aliyeziwasha, ila zile zimelowa maji, haya yamelowa mafuta, na mafuta yakizidi kupata moto... ngoja, natoa tambara moja, nalitandaza sakafuni, nashika tena, limepoa, halina neno, narudi kwenye bonge, bonge linachoma, moja peke yake linapoa na yakibanana yanapashana, ehee, kumbe ndiyo maana yule sista aliyetufundisha kupaka madawati ya kanisa alianika matambara yake uani, moja moja bila kukunja, kisha akayazamisha kwenye ndoo ya maji, nasi tukacheka, Wazungu wanafua hata takataka, labda alitueleza sababu kwa kile Kiswahili chake tukaitikia tu ndiyo, sista, ndiyo... na kule karakanani matambara yalikaa wapi, kwenye gunia, chini ya benchi, Sylvesta mwenyewe huyashindilia kwa mguu, nguo ni adimu, anasema, yatafaa kuwashia moto wa kuyeyushia gundi, na Jumamosi ile walimaliza kuipaka milango ya shule mafuta haya haya, nilipeleka chai nikaliona gunia limefura kama gunia la mahindi... basi hakuna mtu, hakuna kiberiti wala kisasi, moto ulijizalia wenyewe huku tukiimba, nataka kucheka na nataka kukaa chini, nikitoka kusema nitakuwa nimemwambia mume wangu mbele ya balozi kwamba moto ulitoka kwenye gunia lake, nikinyamaza Niyonsaba anafunga mzigo tena, mkewe ana mimba ya kujifungua wakati wowote, na safari hii hana hata randa ya kubeba... "Mama Epifania! Maji!" ...naam, nakuja, nimeliinua kapu, kifuani naona joto lake linapenya gauni, nje mwanga unaniumiza macho, wamekaa vile vile, balozi kwenye kiti ambacho sikukifuta, Sylvesta ananitazama, "Nimesema maji, umeleta kapu?" "Maji yanakuja, baba Epifania, tena tutayahitaji," nasema, napiga goti, naliweka kapu miguuni pa mgeni, "Samahani, Balozi, nakuomba utie mkono humu, mpaka katikati, halafu uniambie ni nani amewasha," na Balozi Dadi ananitazama mimi, anamtazama mume wangu, kisha anakunja mkono wa kanzu.