Mtoto wa Nani

...na sitikisi finjani, nikiitikisa nimeshasema kahawa basi, na aliyekwisha kunywa hana budi kujibu, kwa hiyo nnamnyooshea tena Muatasim, mwanangu, animiminie, kamati nzima inanitazama, Saeed mwenyekiti keshauliza mara ya pili, "Ami Msellem, wasemaje, Thabit anajua kuchagua vijana au hajui?", hajui, wallahi hajui, klabu yetu hii ya mpira wa magongo hapa Wattaya tunafungwa kila msimu na vijana aliowachagua yeye, Thabit, mchaguzi wetu wa wachezaji, hatazami miguu, hatazami mikono, anamwita kijana ukingoni mwa uwanja, "mtoto wa nani wewe?", akisikia baba alicheza Unguja, basi, kishapita huyo, na yule wa mtaa wa Khuwair, mtoto wa dereva, aliyekuwa mpira haumbanduki gongoni, kwao hawakujulikana, akarudishwa, klabu nyengine ikamchukua, juzi ndiye aliyetufunga, tena akaja kunipa mkono kwa adabu, uso nikauweka wapi... "Ami Msellem, hii si michezo ya jioni tena, vijana tunawalipa mishahara," ana haki Saeed, ana haki, lakini nikisema Thabit hajui kuchagua nimesema nini, yakhe, si nimemsema huyu aliyeshika dele la kahawa, Muatasim wangu, mtoto wa Msellem winga wa kushoto, "Damu hiyo!" alipiga kelele Thabit siku ile, nami nikavimba kichwa, mtoto akaacha chuo, tangu hapo yuko benchi, anaingizwa mechi ikishaharibika, na mama yake, Kheiria, kila akifua ile jezi isiyo na jasho ananambia mwachie mwanangu atafute kazi, namjibu subiri, damu haipotei, subiri nini, mwanamme mzima anawamiminia wazee kahawa kwa sababu hana kazi nyengine hapa, inaniuma, inaniuma mpaka meno, na hapa mbele za watu sitomvunja, sitomvunja, bora klabu ife, nnanyoosha tena finjani, anainama, mkono wake umetulia, anamimina kidogo tu kama inavyotakiwa, na kwa sauti ya chini, ya mimi peke yangu, ananambia, "Baba, tikisa," ...subhanallah, anajua, anajua si mchezaji, tangu lini anajua, tangu siku ya kwanza labda, na bado kila Alkhamisi alivaa, akakaa benchi, akageuza shingo kunitafuta jukwaani, nikampungia, akanipungia, nikidhani namtia moyo, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinitia moyo mimi, ujana wake wote huo, si Thabit aliyeula, si klabu, alikuwa ananichezea mimi, Ya Rabbi, ananiomba nimwachie, nami nnaomba kahawa, "Ami Msellem?", nasikia, Saeed, nasikia, nimeshaimaliza, Muatasim kasimama na dele lake anangoja, na finjani imo mkononi mwangu, tupu, sijaitikisa.