Makombo ya Mugeni

Yaya Bijou alishuka katika ndege ya kutoka Lubumbashi na sanduku tatu na mudomo mumoja, na mudomo njo ulikuwa muzito kuliko sanduku zote. Hata maji yake ya kuoga yalikuwa hayajachotwa, alikwisha kumushika mukono mutoto wa ndugu yake na kumuzungusha kama mbuzi wa soko.

« Serge, huyu ni mutoto ao ni gunia ya muhogo? »

Serge, ambaye kazini, katika biro yake ya treni, alikuwa anapigia watu makelele tangu asubuhi, alicheka kidogo tu. Mbele ya dada yake mukubwa mwanaume yule alikuwa kitambaa kilicholowa: unamukamua upande unaotaka.

Carine, bibi yake, hakucheka. Alimuangalia Joëlle, binti yao wa miaka kumi, akiingia chumbani polepole. Alipotoka alikuwa amevaa triko nzito ya baridi, na jua la inje lilikuwa la kupasua kichwa. Tangu siku ile triko haikumutoka mwilini.

Yaya Bijou alikuja na dawa yake. Kule Lubumbashi rafiki yake amefungua kambi ya kupunguza watoto unene. Akaonyesha picha katika telefone: watoto wamepangwa mustari, wanakimbia, wanatafuna matango.

« Likizo yote. Nikirudi, narudi naye. »

« Kama ni kambi ya kukondesha, Yaya, si iko hapa Katanika, ya wakimbizi, » Carine akasema. « Kule watu wanakonda bila mwalimu. »

« Mama Joëlle, acha muchezo. Wale walikimbia vita. »

« Na huyu atakuwa amekimbia nani? »

Serge akakohoa. « Yaya anatutakia mema. Tutaamua siku ya Mungu, kisha misa. »

Carine alimujua bwana yake. Kwa Serge, kuamua ni kungoja dada yake aseme mara ya pili.

Ni kweli, Joëlle alikuwa munene. Mama yake hakuwa kipofu. Alisikia vile mutoto anahema akipanda kilima kutoka masomo. Lakini alitaka kwanza kujua unene ule unaingia kwa mulango gani. Akakaa akaangalia.

Mulango haukuwa mbali. Katika nyumba ile, kama katika kila nyumba yenye adabu, mugeni hamalizi sahani. Anaachia mutoto, na mutoto hakatai makombo ya mugeni. Kukataa ni kumutukana. Na wageni hawakukosa, leo wa kutoka Kabalo, kesho wa kutoka Bendera, na mutoto ni huyo mumoja. Ila wengine walikuwa wanaacha tonge na kichwa cha samaki. Yaya Bijou, aliyelinda kiuno chake kama mulinzi wa banki, aliacha mulima. Alidonoa mukia wa samaki, akalamba sombe, yale majani ya muhogo, akasukuma sahani.

« Joëlle! Kuja umalizie tantine, mimi shangazi yako. »

Mutoto akatafuna. Tantine akamutazama, akatikisa kichwa.

« Angalia vile anakula! Yeyeye! »

Hapo Carine alimudharau kabisa, dharau safi, isiyo na hata hasira ndani yake.

Siku ya Mungu, kutoka misa, Serge alikaa kwa kiti akijinyoosha kama juji asiye na kesi. Mezani kulikuwa bugali, sombe ya mawese na samaki mukeke wa kukaanga. Yaya Bijou alidonoa, akasukuma.

« Joëlle! »

Mutoto akasimama na triko yake, jasho kwenye paji la uso. Carine akamushika bega.

« Kaa. Umekwisha kula. » Akarudisha sahani kwa mwenyewe. « Umalize, Yaya. »

« Nimalize nini? Mimi niko na rejime, ninapunguza mwili! »

« Na huyu umemupa rejime gani? Ya kula yake na yako? Unamujaza hapa, halafu unamupeleka Lubumbashi wamumwage? Tangu leo mugeni wa hapa anakula kile alichopakuliwa. Ukitaka kidogo, sema kidogo. Mudomo unao. »

« Serge! Unasikia vile bibi yako ananitukana? »

Serge alimuangalia dada yake, akamuangalia bibi yake, kisha akaangalia sahani. Samaki alikuwa karibu muzima. Ilionekana ni mara yake ya kwanza kumuona.

« Yaya, » akasema, sauti ikimutoka kama ya muntu anayeomba ruhusa ya kupumua, « mukeke utapoa. »

Hata ushujaa wake ulizaliwa kabla ya miezi kutimia, Carine akawaza. Lakini ulilia, inatosha.

Yaya Bijou akaanza kula, tonge kwa tonge.

« Mama, » Joëlle akauliza polepole, « niende? »

« Uende kucheza. Lubumbashi, hapana. »

Mutoto akavua triko palepale mulangoni, akaitupa juu ya sanduku za tantine, akatoka.