Shahidi wa Tatu

Barua ya bodi ya filamu ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa pongezi. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika. Watu wa ofisi ile hawamsifu mtu bure, walikuwa wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi moja tu: kuanzia dakika ya thelathini na moja, sauti ya shahidi wa tatu iondolewe, kwa kuwa inapotosha umma kuhusu mafanikio ya sheria ya dawa za kulevya. Bila hivyo filamu haionyeshwi popote.

Shahidi wa tatu ni mama yangu mzazi.

Niliisoma nikiwa kwenye chumba chetu cha kuhariri, chini ya feni ambayo mdogo wangu aliitengeneza na inafanya kazi mpaka leo. Yeye hayupo. Alikuwa teja kwa miaka sita, sifichi. Kisha kliniki ikafunguliwa nyuma ya soko, akawa anakwenda kila asubuhi kunywa kikombe chake kidogo cha methadoni, ile dawa inayomkinga mtu asirudie unga. Alikunywa miezi kumi na moja. Akanenepa, akaanza kutengeneza feni za mtaa mzima, akawa anajigamba kwa mama kwamba bila yeye watu wangekosa hata upepo.

Ndipo serikali ikatangaza vita. Sheria mpya ikafunga kliniki, eti huwezi kumtibu mlevi kwa ulevi, na ikaamuru kila hospitali impokeayo teja iwaite polisi kwanza. Wiki ya tatu arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikamshinda ndugu yangu, akarudi kwenye unga. Wiki ya tano tukamzika.

Filamu yangu inasimulia kliniki ile na watu waliokuwa wakipanga foleni pale. Niliitengeneza na mtu wa sauti tunayemwita Masikio, na Masikio ana mwiko wake. Mahojiano yakiisha, hakuna kuinuka mpaka arekodi dakika moja ya ukimya wa chumba kile. Anasema kila chumba kina ukimya wake, na ukikata maneno ya mtu bila kuweka ukimya huo mahali pake, sikio la mtazamaji linajikwaa.

Siku tuliyomhoji mama, dakika hiyo ilirudiwa mara nne, maana mama hajui kunyamaza. Mara ya kwanza aliuliza, "Imeingia?" Mara ya pili akamwuliza Masikio kama ameoa. Mara ya tatu akaniambia nikae vizuri kama mtoto wa watu. Mara ya nne akautazama mlango, akanyamaza kweli, na kwenye rekodi unasikia bomba la uani likidondosha maji.

Nilimfuata mkaguzi aliyesaini barua. Alinikaribisha kiti, akanipa na maji.

"Dada, mama ana uchungu, tunaelewa," akasema. "Lakini sisi tunafuata takwimu. Vifo vya mateja hospitalini vimepungua nusu."

"Vimepungua kwa sababu hawaendi tena. Wanafia majumbani."

Akafunga faili. "Hilohilo ndilo analosema mama yako. Ndiyo maana linaondolewa."

Niliinuka nikatoka. Nilitamani kuubamiza mlango wake, lakini ulikuwa wa kioo na fundi aliyeuweka hakuwa na kosa, nikaurudishia taratibu.

Mama nilimkuta anakunja nguo. Nilimweleza yote, nikamwambia afadhali tusiionyeshe kabisa kuliko kuionyesha bila yeye.

"Na wewe unyamaze?" akaniuliza. "Mwenzio alikufa kimya kwa kuwaogopa hawa hawa. Nimezaa wawili, wote waninyamazie?"

"Watakukata maneno, mama."

"Waache wakate. Wewe usinitoe kwenye kiti changu." Akakunja shati la mwisho. "Na hiyo sehemu yangu niwekee kwenye simu, nzima, kama nilivyoisema."

Nikamwekea. Nilidhani anataka kulia peke yake, nikaona vibaya kuuliza.

Basi nikatii. Nilitoa sauti ya mama neno kwa neno, picha nikaiacha ilivyo, na chini yake nikalaza ule ukimya wa Masikio. Mkaguzi aliitazama hadi mwisho akitafuta neno la kulishika, hakuliona. Akagonga muhuri. Nadhani aliamini kikongwe anayechezesha midomo bila sauti atawachekesha watu, na mimi mwenyewe nilikuwa na hofu hiyo moyoni.

Tuliionyesha Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa mtaa, ukuta mweupe ukiwa skrini na madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mkaguzi alikaa mbele kabisa, miguu kaikunja nne. Masikio alikaa nyuma na kinasa sauti chake ili arekodi maoni ya watu baadaye.

Dakika ya thelathini na moja ikafika. Mama akatokea ukutani, amekaa kwenye kiti chake, akafungua mdomo. Hakuna kitu. Maji ya bomba yakadondoka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Fundi, sauti!"

Ndipo mama akasimama kutoka safu ya tatu. Alikuwa amevaa gauni lilelile la kwenye filamu, na mimi mjinga nilikuwa nimelisifu tulipotoka nyumbani. Akaitazama midomo yake mwenyewe ukutani, akaanza kusema. Alichelewa maneno mawili, kisha akajifikia.

"Mwanangu alianguka mlangoni asubuhi, kucha zimebadilika rangi. Nikamwambia twende hospitali. Akaniambia, mama, usinipeleke, watanifunga. Nami nikamsikiliza. Hospitali ni mtaa wa pili, paa lake naliona nikianika nguo—"

Mkaguzi akaruka. "Zima! Zima hiyo filamu!"

Fundi wa mitambo akajikuna shingo. "Nizime nini, mzee? Filamu yenyewe haisemi kitu. Muhuri wako huu hapa."

Watu wakacheka, lakini mama hakucheka. "Sijamaliza," akasema. Neno hilo halikuwemo, likamrudisha nyuma, ikabidi ayakimbize yaliyofuata mpaka akawa sawa tena na midomo ya ukutani. Sasa nilielewa alichokuwa akifanya ile siku aliyojifungia chumbani na simu mchana kutwa. Nililia waziwazi wala sikujifuta.

"Nilimkanda kwa maji, nikamfunika, nikakaa naye mpaka akapoa. Niliogopa pingu kuliko nilivyoogopa kifo. Hiyo ndiyo sheria mliyotupa."

Ukutani mdomo wake ukafungwa. Mkaguzi alikuwa bado amesimama, na safu nzima nyuma yake ilikuwa ikimwambia akae, anawaziba.

Mama akageuka, akamtafuta Masikio kule nyuma.

"Imeingia?"

Masikio alikuwa na hedifoni kichwani, taa nyekundu ya kinasa inawaka. "Imeingia, mama. Kila neno."

"Basi irudishe palepale walipoitoa," akasema, akakaa.