Anayemwosha Bi Bakhita

Mgongo ulikuwa umemkatalia Jawaher kunyanyua mtu, basi akawa anampangusa mama yake, Bi Bakhita, kwa kitambaa tu. Daktari alishamwambia, "Ukiendelea kumbeba, tutawalaza nyote wawili." Ndipo akaomba msaidizi wa serikali, aje pale nyumbani kwao, mtaa wa Al Khoudh, amwoshe Bi Bakhita na kumgeuza. Msaada huo hupewa asiyejiweza, tena asiye na mtu wa kumhudumia.

Msaidizi hajapatikana bado, lakini siku nyengine Jawaher aliingia chumbani akaikuta kazi imekwisha fanywa, mama kaoshwa. Hakuuliza, kwa woga.

Asubuhi aliyokuja mkaguzi wa msaada huo, binti mmoja wa watu wa Pemba akiitwa Noof, ilikuwa ndiyo hivyo hivyo. Bi Bakhita ameegemezwa mito, msafi kama yai lililomenywa, nywele zimesukwa, kanga imekaa sawasawa, na chumba kizima kinanukia kafuri. Jawaher alisimama na kitambaa chake kikavu mkononi.

"Mashaallah, bibi," alisema Noof. "Nani anakuosha?"

"Kheiria, mdogo wangu. Ana mkono mwepesi yule. Huanza upande wa kulia, taratibu, hata masikio hayaingii maji."

"Anakaa hapa?"

"Sasa aende wapi?"

"Mama mdogo Kheiria amekufa," Jawaher aliingilia. "Alikuwa akiosha maiti za wanawake, mtaa mzima ukimwita yeye. Mwaka jana tukamwosha sisi."

Bi Bakhita akamtupia jicho. "Unamzika mtu naye anakusikia? Huna haya, mwanangu."

Noof alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikwenda kutazama chooni. Kigoda kimelowa, na kata iliyotundikwa ukutani bado inadondoka maji.

"Dada Jawaher, mimi nnaona mtu kaoshwa. Siwezi kuandika kwamba hana wa kumwosha. Ntarudi Jumatatu."

Alipoondoka, Jawaher aliingia chooni akafunga mlango. Hakujua atazame wapi, akaitazama sakafu.

"Mama mdogo," alisema kwa sauti ndogo, "nnakushukuru. Lakini siku usizokuja mimi nashindwa. Jumatatu usije. Mwache wamwone alivyo."

Jumatatu, harufu ya mkojo ilimpokea Noof mlangoni. Tangu azaliwe Jawaher hajapata kumkaribisha mgeni nyumba ikiwa katika hali ile. Mikono ilimwasha kushika kitambaa, akaikunja kifuani. Noof aliandika upesi, macho chini.

"Atapata msaidizi, inshaallah. Wiki hii hii."

Jawaher akamsindikiza mpaka garini, akarudi kumpa mama habari. Bi Bakhita hakugeuka. Tokea alfajiri alikuwa ameukodolea macho mlango wa choo.

"Jawaher, umemwambia nini mdogo wangu?" aliuliza. "Yuko pale kasimama, nnamwita, hataki kuingia."