Kama Ulivyoomba

...na kabichi hii imekomaa mpaka kisu kinalalamika, ingefaa niipasue katikati kwanza ndipo niikatekate, lakini mkono mmoja uko shavuni, tangu mchana umejizoesha kukaa shavuni kama mgeni asiyejua kuaga, ushushe, shika kabichi, kata, maharage yameiva, wali unajikausha, imebaki kabichi tu watu wale, kata, usivutie hewa upande wa kulia, usigusishe ulimi, na ulimi nao ukiukataza ndio unakwenda, unalipapasa lile jino kama mtoto anayebofya kidonda, kesho saa tatu daktari ataanza, usiku mmoja tu, nimevumilia miezi minne sitashindwa na usiku mmoja... Mama, simu ya baba imeingia ujumbe, anasema kifunguamimba wangu kutoka mlangoni, umetoka kliniki ya meno, nikusomee? Soma, namwambia, mikono ina maji. Simu yangu ilipasuka kioo mwezi uliopita, haionyeshi kitu, kwa hiyo pale mapokezi niliandika namba ya baba yao, niliona namba ni namba tu, mimi na yeye si kitu kimoja? Anasoma kwa ile sauti yake ya kusomea darasani, ndugu mteja, tunathibitisha kwamba miadi yako ya kesho saa tatu asubuhi imebadilishwa kuwa ya kung'oa jino, kama ulivyoomba, miadi miwili iliyobaki ya kutibu mzizi imefutwa, karibu. Kisu kimesimama ndani ya kabichi. Soma tena, namwambia. Anasoma tena na maneno ni yaleyale. Kama ulivyoomba. Ulivyoomba nani, mimi sijaomba, mimi juzi nilikaa kwenye kile kiti kinacholala, taa imenimulika machoni, nikamwambia yule daktari, binti mdogo mwenye mikono baridi, kwamba nataka litibiwe, nilisema kwa mdomo wangu huuhuu ukiwa nusu na ganzi, litibiwe, na aliyekuwa amesimama kando ameushika mkoba wangu ni nani kama si yeye... Nani huyo? anauliza mume wangu kutoka bafuni, anaoga, anapiga mluzi. Kliniki, baba, anajibu binti yangu. Na mluzi unakatika. Haujaisha, umekatika katikati, na hapo nimejua kabla hajatoka, kabla hajafungua mdomo, maana mtu asiye na jambo huumalizia mluzi wake.

Kata kabichi. Kata, watu wana njaa. Lakini alikuwepo, hilo ndilo linalonikwama, alikuwepo, daktari aliiinua ile picha kwenye mwanga, jino langu jeupe na kiza kimelizunguka, mizizi miwili inaning'inia kama miguu ya mtu aliyekaa kwenye ukuta, akasema jino lenyewe ni zima, mama, kilichokufa ni mshipa wa ndani, tutatoboa kidogo kwa juu, tusafishe mfereji mpaka mwisho, tuuzibe, safari tatu, utalitumia miaka, au tuling'oe, siku moja, lakini jino halirudi na majirani wake wataanza kuegemea pale penye nafasi, chaguo ni lako. Na yeye akainama kuitazama ile picha kama anatazama ramani ya mabomba ya jengo, akasema daktari, kumbe kazi yetu ni moja, na mimi ni mtu wa kuzibua, na daktari akacheka, na mimi kwa midomo ile ya ganzi nikacheka. Fundi bomba miaka kumi na tisa. Mpaka mtoto mdogo humu ndani anaijua hotuba yake, fundi anayekimbilia kung'oa ndiye asiyejua kuzibua, bomba lililo ukutani halivunjiwi ukuta mpaka umejaribu waya, umejaribu maji ya moto, umejaribu subira, ameshawagombeza mafundi wenzake mbele yangu kwa kuvunja kuta za watu. Asingejua, ningemsamehe. Lakini anajua.

Ameingia, taulo shingoni, maji yanamchuruzika masikioni, hatazami kwangu, anatazama sufuria. Nilitaka nikwambie tukishakula, mama watoto, anasema. Tukishakula. Habari mbaya za nyumba hii huja baada ya kula, wanaume wana huruma sana na chakula. Niliwapigia jana, anasema, maana nimefikiria, safari tatu ni asubuhi tatu, na mimi niko kwenye lile jengo mpaka mwisho wa mwezi, mdogo nani atamvusha barabara, mama yangu nani atampa dawa yake, kung'oa ni dakika kumi, unatoka na pamba mdomoni, saa tano uko nyumbani, mchana unapika. Ameyapanga vizuri, kwa mpangilio kama vifaa kwenye boksi lake, kila mtu ametiwa humo, mdogo, mama yake, jengo, mpaka chakula cha mchana, na mimi nimo pia, mimi ndiye nyundo. Na mbona lako ulilitibu? namuuliza, na sauti yangu ni ya kawaida, nashangaa ilivyo ya kawaida, ni ile ya kuuliza chumvi iko wapi. Ah, langu, anasema, langu lilikuwa linauma kweli. Linauma kweli! Gego la chini, la mwisho kabisa, mahali ambapo hata mswaki unafika kwa bahati, mwaka juzi, nani aliyeomba ruhusa karakana ya ushonaji asubuhi tatu na mapazia ya hoteli nzima yakiwa yananisubiri, nani aliyekaa kwenye benchi na kitambaa chenye maji, nani aliyekuwa akiwadanganya wateja wake kwenye simu kwamba fundi ameingia chini ya sinki hawezi kuongea, na alipowekwa sindano aliushika mkono wangu mpaka pete ikanikata, akasema mwambie asiling'oe, mwambie, na mimi nikamwambia daktari, asiling'oe, tafadhali. Asiling'oe, nilisema, kama vile la kwangu. Na wewe si ulisema halikuumi sana, anasema, na hapo anajaribu kutabasamu, na tena siku hizi hucheki, nani ataliona? Anacheka mwenyewe. Binti naye cheko linamponyoka kidogo halafu anaona uso wangu, analimeza. Shika mwiko, namwambia, koroga maharage yasishike chini.

Siku hizi hucheki. Lile jino liko jirani na chonge, juu, kulia, ukicheka ndilo linaloonekana, ukikata uzi ndilo linalokata, mikasi ya karakana imefungwa kamba mezani na mimi uvivu wa kuifuata ndio umenifanya nikate uzi kwa jino miaka yote hii, mkuu wetu hunigombeza, lakini si uzi ulioliharibu. Najua kilicholiharibu. Kiko hapo dirishani, nyuma ya kisahani cha sabuni, kijiwe kidogo cheupe, hata ukikitazama utadhani ni punje ya mchele, ndiyo maana kilipita. Wiki ile ya homa, nimelala siku tatu, ya tatu baba yao akasema leo napika mimi, nyumba nzima ikashangilia, akapika wali bila kuuchambua, hakuna aliyemwambia mchele huchambuliwa, alidhani unatoka mfukoni ukiwa safi kama unavyomfikia sahanini, nikatafuna tonge la pili, kwaa, mpaka masikio yakalia, na yeye amesimama mbele yangu na mwiko, kama mwanafunzi anayesubiri maksi, umeiva? Umeiva vizuri, nikasema. Nikakitema kwenye kitambaa, nikalaza kichwa, nikasema nimeshiba. Kwa sababu mwanamume akipika mara ya kwanza akaaibishwa hapiki mara ya pili, ndivyo nilivyofikiri, na hesabu yangu haikutoka, maana sikumwaibisha na bado hajapika mara ya pili. Miezi minne jino linakufa polepole na mimi nasema si kitu, limeguswa na baridi tu, si kitu, nyie kuleni. Shuleni tuliandika insha, kikulacho ki nguoni mwako, nikapata kumi na saba juu ya ishirini, mwalimu akaisomea darasa zima, na sikujua hata nilichokuwa nikiandika, niliandika habari za mwizi.

Mama, na wewe watakung'oa? Huyu ni kitindamimba, ameingia bila viatu, pengo lake la mbele linapitisha upepo kila akitaja neno, jingine litaota? La kwangu halioti tena, mama, namwambia, mtu mzima akitolewa limetoka. Ananitazama, anamtazama baba yake. Basi si wasilitoe, anasema, anachukua kipande cha kabichi mbichi, anakwenda zake, kwake limeisha. Na kwangu? Nisijidanganye, kuna saa natamani liondoke tu, leo mchana kwenye cherehani nililisikia likipiga pamoja na sindano, taktak, nikasema hata kwa koleo la bomba, lolote, mradi nilale. Mwenzangu wa karakana aling'oa la kwake na anakula karanga kama kawaida. Daktari angesema limeoza mpaka shina, halifai, ningekwenda kesho nikapanua mdomo na jioni nisingelikumbuka, sililii, jino si mtoto. Lakini hakusema halifai. Alisema ni zima. Amelihukumu mtu mwingine, akiwa juu ya ngazi kwenye jengo la watu, simu sikioni, ng'oeni tu, na yule wa mapokezi akaandika, kama ulivyoomba, wala hakuuliza mbona mwenye jino ana sauti nzito.

Mwanangu, anaita mama mkwe kutoka sebuleni, masikio yake huchagua, dawa haisikii lakini siri za jikoni anazisikia zote, mwanangu, mimi walianza na moja, waliniambia moja tu, mama, yaliyobaki yakaona njia. Sasa ninayo matatu na hayasalimiani. Mume wangu anasema, mama, usiingie. Nimeingia saa ngapi, nimekaa kitini kwangu, anasema bibi, na wewe baba, lile gego lako uling'oa au ulitibu? Mume wangu anajifuta masikio kwa taulo. Mama, yale yalikuwa mengine. Jino ni jino, anasema bibi, na hata wakimwekea la bandia, jino la pembe si dawa ya pengo, leteni chakula. Na mimi niliyedhani huyu mzee ni moja ya sababu za kung'olewa, dawa yake ya asubuhi, ilivyowekwa kwenye ule mpangilio kama msumari, kumbe hata yeye hakuulizwa, tumetumiwa wote wawili. Kabichi iko jikoni, chumvi, funika, dakika chache tu isilegee. Na hilo neno bado linanizunguka, kama ulivyoomba, kama ulivyoomba, na sasa linaanza kuniuma upande mwingine, maana miaka kumi na sita ya si kitu, mimi nitakula baadaye, mimi nitatumia hilo lililopasuka, mimi upande mmoja unanitosha kutafunia, mtu akisikia hayo kila siku atakosea wapi akiona kwamba jino langu nalo si kitu? Labda nimeomba kweli, kidogo kidogo, bila kupiga simu. Hilo halimtoi yeye kosani. Alijua, akaficha, eti mpaka tukishakula. Lakini kama ni kuomba, basi naweza kuomba jingine.

Haya, epua, sahani ya bibi kwanza, wali uliopondwapondwa, maharage ya mchuzi mwingi, kabichi laini, sahani yake yeye, sahani ya mkubwa, ya mdogo nusu maana atamwaga. Naziweka mezani, wamekaa, na mimi nimesimama na upawa, nasema, kesho saa tatu nakwenda kutibiwa mzizi, na wiki ijayo, na ile inayofuata. Dawa ya bibi iko juu ya kabati, kidonge kimoja, asimeze akiwa amelala. Mdogo atavushwa na dada yake, watatoka mapema. Mchana mtaona cha kupika. Lakini wameshabadilisha, anasema mume wangu, na sauti yake haina ubishi, ina aibu imejificha nyuma ya kliniki. Watabadilisha tena, namwambia, mdomo nakwenda nao mimi. Bibi anakohoa, lakini si kikohozi. Yeye anashika kijiko, anatia tonge upande wa lile gego lake lililotibiwa, anatafuna taratibu, polepole, na kwa mara moja maishani mwangu natamani kama leo nisingeuchambua mchele, halafu natamani nisingetamani. Umeiva vizuri, anasema, akiitazama sahani. Nauweka upawa. Kijiwe kiko dirishani, nitamwonyesha na kumwambia kilitoka wapi, tukishakula. Kwa kawaida saa hii narudi jikoni, nakula nimesimama, upande wa kushoto, ukoko wa chini ya sufuria. Navuta kiti. Nahesabu kama ninavyohesabu kila jioni, bibi yupo, baba yao yupo, mkubwa yupo, mdogo yupo, wanne, wote wapo, naanza upya, watano, na ulimi unapanda wenyewe juu, kulia, jirani na chonge, linauma, lipo.